Ukiitwa Kusema Arusini

(Mazungumzo ya redio, kipindi cha ibada ya jioni)

Somo: Ruthu 4:9-12

  Wewe uliye jikoni ukingoja ugali uive, wewe uliye njiani ndani ya matatu, nawe mgonjwa uliye kitandani, karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi. Mwenye Biblia na aifungue katika kitabu cha Ruthu, mlango wa nne, kuanzia mstari wa tisa hadi wa kumi na mbili. Aliye na unga mikononi asihangaike, tutamsimulia yaliyomo.

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lisilofaa kuletwa katika ibada. Ni maneno yanayosemwa arusini, baada ya watu kutoka kanisani, wakati mtu mmoja anaposimama, akashika bilauri yake, akawatakia heri bwana na bibi arusi. Twaomba mtuvumilie. Tumeona kwa macho yetu kwamba maneno hayo yaweza kujenga nyumba, na yaweza pia kuivunja kabla haijaezekwa.

Ninyi nyote mwazijua arusi zetu. Miezi ya Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, hakuna Jumamosi inayopita bila arusi. Ibada yatangazwa kuwa saa nne, yaanza saa tano. Baada ya ibada huja picha, na picha hazina mwisho. Hatimaye watu wafika kwenye mahema. Pilau inanukia, watoto wanalia njaa, nyanya wamevua viatu. Ndipo msimamizi wa sherehe hushika kipaza sauti na kusema, "Sasa twamwomba mjomba wa bibi arusi atupe neno moja tu." Mjomba husimama, naye hatoi neno moja; hutoa maneno elfu. Akimaliza yeye, huja shangazi, kisha mwenyekiti wa kamati, kisha mwalimu aliyemfundisha bwana arusi katika darasa la tatu. Na siku hizi yote hunaswa na simu, hata neno lililoteleza jioni laweza kuwa limefika kwa jamaa walio Ulaya kabla ya usiku wa manane.

Desturi yenyewe ya kuinua bilauri tuliipata kwa Waingereza. Wao katika karne ya 17 walikuwa wakitia kipande cha mkate uliochomwa ndani ya kikombe cha divai ili kuongeza ladha, na hata leo desturi hiyo huitwa kwao kwa jina la mkate huo, yaani tosti. Lakini Uamsho ulioanza Rwanda katika miaka ya 1930, ukafika kwetu Kenya kabla ya mwaka wa 1940, uliwafundisha Wakristo wengi kuiacha pombe. Kwa hiyo katika arusi zetu nyingi za Kianglikana kilichomo ndani ya bilauri ni soda au maji ya matunda. Hilo halina neno. Kinachowabariki maarusi si kile kilichomo katika bilauri. Ni kile kinachotoka kinywani mwa yule aliyeishika.

Tena tusidhani kwamba kusema heri arusini ni mambo ya kigeni. Wazee wetu walikuwa wakibariki ndoa zamani sana kabla ya bilauri kufika. Na Waisraeli kadhalika. Hapo ndipo tunapolifikia somo letu.

Boazi ameketi langoni pa mji wa Bethlehemu. Amewaita wazee kumi wawe mashahidi, naye atangaza kwamba amemtwaa Ruthu kuwa mke wake. Sasa mtazameni Ruthu alivyo. Ni mgeni kutoka Moabu, taifa ambalo Waisraeli hawakulipenda. Ni mjane. Amekaa katika ndoa ya kwanza huko kwao na hakupata mtoto. Ni maskini, ameonekana na kila mtu akiokota masazo shambani nyuma ya wavunaji. Kama wazee wale wangalitaka kusema, walikuwa na mengi ya kusema! Mzee mmoja angaliweza kuuliza, "Boazi, wasichana wote wa Bethlehemu wamekwisha?" Na watu wangalicheka.

Lakini wao wasemaje? Wamwomba Mungu amfanye mwanamke huyu awe kama Raheli na Lea, wale mama wawili waliojenga nyumba ya Israeli. Tazameni jambo hilo. Hawakumlinganisha na wajane wa Moabu. Wamempandisha mara moja, wakamweka katikati ya mama wakuu wa taifa lao, kana kwamba amezaliwa humo. Kisha wamtaja Tamari, aliyemzalia Yuda mtoto wake Peresi. Kila Mwisraeli alijua habari za Tamari, na aibu aliyoipitia. Kwa kumtaja kwa heshima, wazee walimwambia Ruthu bila kumwambia: Mama, hata wewe uliyetoka mbali, nyumba hii ina nafasi yako. Mistari miwili tu, na mgeni akawa mwenyeji. Katika nyumba hiyo alizaliwa Obedi, na Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi, na katika ukoo huo alizaliwa Bwana wetu.

Sasa ligeuzeni jambo hilo upande wa pili. Katika Waamuzi mlango wa 14 twasoma habari za arusi ya Samsoni. Huko nako mtu mmoja alisimama akasema, naye alikuwa bwana arusi mwenyewe. Aliwatolea vijana thelathini kitendawili, akawawekea dau la mavazi. Lengo lake halikuwa kuwafurahisha wageni. Lilikuwa kuwaonyesha kwamba yeye ana akili kuliko wao. Matokeo yake yalikuwa nini? Bibi arusi alilia siku za karamu. Vijana wale walimtisha kwamba watamteketeza kwa moto pamoja na nyumba ya babake. Watu thelathini waliuawa huko Ashkeloni. Na mke akapewa mwanamume mwingine. Yote hayo yalianza kwa maneno ya kujionyesha, mezani, siku ya furaha. Wazee wetu hawakukosea waliposema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Basi, wapenzi, na sisi tuungame. Hatusemi haya kama watu waliosimama kando na kuwatazama wengine wakikosea.

Tulikuwa katika mwaka wa pili baada ya kuwekewa mikono. Tulitumwa katika parokia moja ya mashambani, na kijana mmoja wa kwaya akaja kutuomba tumfungie ndoa. Wakati wa mafundisho ya ndoa, akiwa peke yake nasi, alitufungulia moyo. Alisema kwamba babake alikuwa mlevi kwa miaka mingi. Alipokuwa mtoto wa darasa la sita, mamake alikuwa akimpa taa usiku aende kilabuni amtafute baba, amshike mkono, amlete nyumbani. Alitusimulia hayo huku akilia. Baba mwenyewe wakati huo alikuwa ameiacha pombe, ulikuwa karibu mwaka mzima, naye alikuwa ameanza kuketi katika benchi la nyuma kanisani.

Siku ya arusi ilipofika, msimamizi wa sherehe alituita sisi tuwatakie heri maarusi. Hatukuwa tumejitayarisha. Tulijiambia, sisi tunaohubiri kila Jumapili, tutashindwaje na dakika tano? Tukasimama. Tukataka kuonyesha jinsi Mungu alivyomtoa mbali kijana huyu, nasi tukaisimulia habari ya ile taa. Watu wakacheka. Kicheko ni kitu kitamu sana kwa msemaji. Ukikionja mara moja wataka tena. Tukaongeza. Tukaiga mwendo wa mlevi, hatua mbili mbele na moja nyuma, tukiwa na kola yetu ya uchungaji shingoni. Hema lote likaangua kicheko. Wakwe waliokuwa wametoka mbali, ambao siku hiyo ndiyo waliyomwona mzee huyo kwa mara ya kwanza, nao walicheka.

Tuliinua soda yetu, tukawatakia heri maarusi, tukaketi tukiwa tumejipenda. Katika ratiba, aliyefuata kusema alikuwa baba wa bwana arusi. Msimamizi akamwita. Akamwita tena. Kiti kilikuwa kitupu. Mkewe alisimama akasema kwamba mzee anaumwa na kichwa, amekwenda kupumzika. Keki ikakatwa. Bwana arusi hakututazama tena siku ile.

Mzee yule hakurudi kanisani. Nasi, wapenzi, tulikaa karibu miaka miwili bila kwenda kwake. Tulijiambia kwamba yeye ndiye mwepesi wa kukasirika. Tulijiambia kwamba tulimsifu Mungu, na mtu akikataa sifa za Mungu tufanyeje? Ulimi ukishakosea, moyo hupata kazi ya kuutetea. Mwishowe mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitujia baada ya ibada, akatuambia kwa upole, "Mchungaji, yule mzee hakumkimbia Mungu. Alikukimbia wewe."

Tukaenda. Tulimkuta akipogoa kahawa yake. Alitusalimu vizuri, akatupa kigoda tuketi, akaendelea na kazi. Tukamwambia, "Mzee, tumekuja kwa ajili ya siku ile ya arusi." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, siku ile nilivaa koti la kuazima. Mfukoni nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika mistari minne, nikaisoma usiku wiki tatu ili isinitoke. Nilitaka kumwomba mwanangu msamaha mbele ya watu, maana makosa yangu yalikuwa mbele ya watu. Wewe ulisema kabla yangu. Tena ulisema makosa yote, ukauacha msamaha."

Wasikilizaji, katika chuo cha theologia tulifundishwa namna ya kutengeneza hotuba, mwanzo wake, kiini chake na mwisho wake. Lakini sentensi hiyo moja ya mzee aliyeshika kisu cha kupogolea ilitufundisha zaidi ya mihula yote.

Huenda mtauliza kama alirudia pombe. Hakurudia. Neema ya Mungu ilikuwa na nguvu kuliko ulimi wetu. Tulimwomba msamaha hapo hapo shambani, naye akatusamehe. Kisha tulimwandikia kijana, maana tulikuwa tumetoa hadharani neno alilotupa kwa siri. Naye akatusamehe, ingawa si siku hiyo. Na kwa kuwa kosa letu lilikuwa la hadharani, tuliwaomba wote wawili ruhusa ya kuliungama hadharani. Mtoto wa kwanza wa ndoa ile alipobatizwa, jamaa walikusanyika nyumbani kwa babu yake kunywa chai, na wakwe walikuwapo. Tulisimama, tukasema kwamba siku ya arusi tulimkosea mzee huyu. Tukaketi. Ndipo yeye akaenda ndani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo, na kutoka ndani ya kitabu akatoa ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa hata imekatika kwenye mikunjo. Aliisoma. Haikuchukua dakika moja. Alimwomba mwanawe msamaha, akamshukuru kwa ile taa, akamwambia mkaza mwana wake kwamba nyumba hii ni yake. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mkaza mwana alisimama, akachukua birika, akaenda kumjazia babamkwe kikombe chake.

Tangu siku hiyo, kila tunapoitwa kusema arusini huikumbuka karatasi ile. Na yale tuliyojifunza twataka kuwapa ninyi, maana leo au kesho nawe utaitwa, uwe mjomba, dada, rafiki au mwenyekiti wa kamati.

Jambo la kwanza, jitayarishe. Usijidanganye kwamba maneno yatakuja yenyewe. Kinachokuja chenyewe mara nyingi ni mzaha. Kaa chini siku chache kabla ya arusi, uombe, uandike. Yule mzee alihitaji wiki tatu kwa mistari minne. Sisi tuliosoma hatukutoa hata dakika tatu.

La pili, kumbuka siku hiyo ni ya nani. Yohana Mbatizaji alisema juu ya rafiki wa bwana arusi, kwamba kazi yake ni kusimama na kuisikiliza sauti ya bwana arusi, akafurahi. Hiyo ndiyo kazi yako. Kama watu watakwenda nyumbani wakisema, "Yule msemaji ni hodari," huenda hukufanya vizuri. Wakisema, "Vijana wale Mungu amewapa kweli," basi ulifanya vizuri.

La tatu, sema kweli, lakini kweli iliyo njema. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka mashahidi wawili wawepo ndoa inapofungwa, na mara nyingi wale wanaotia sahihi ndio hao hao watakaoitwa kusema kwenye karamu. Wewe basi ni shahidi. Shahidi hasemi uongo. Usimwite malaika mtu ambaye wote wamjua. Tafuta tendo moja jema ulilomwona akilitenda, dogo tu, ulisimulie kama lilivyokuwa. Tendo moja la kweli lapita sifa ishirini. Na kabla ya kulisimulia, jiulize: lilitendeka mbele ya watu, au niliambiwa kwa siri? Kama ni la siri, si lako kulitoa.

La nne, yaache yasiyofaa. Katika desturi yetu ya Kianglikana matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, na siku yenyewe watu huulizwa kanisani kama yuko ajuaye kizuizi chochote. Wakati huo ulikuwa wa kusema. Ikiwa ulinyamaza kanisani, nyamaza na kwenye pilau pia. Usiwataje wachumba wa zamani. Usitaje mahari, yamelipwa ngapi na yamebaki ngapi. Usifanye mzaha juu ya umri wa bibi arusi, wala umbo lake. Usifanye mzaha juu ya kabila la wakwe. Sisi Wakenya tuliopita katika miezi ile ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 twajua mzaha wa namna hiyo huweza kuishia wapi.

Na hili twawasihi sana: msiwawekee maarusi muda wa kuzaa. Mtu husimama akasema, "Baada ya miezi tisa tutarudi kula tena!" Watu hucheka. Lakini sisi wachungaji ndio tunaoketi na mke na mume mwaka wa tano, mwaka wa nane, nao wangali wakilikumbuka neno hilo na kicheko kile. Ndiyo, wazee wa Bethlehemu waliomba juu ya uzao. Lakini someni vizuri. Walisema ni uzao ambao Bwana mwenyewe atampa Boazi. Wao waliomba, wakaliacha mikononi mwa Mungu. Hawakuhesabu miezi.

La tano, zungumza na pande zote mbili. Arusi nyingi leo huunganisha jamaa wenye lugha mbili. Ukisimama ukasema kwa lugha ya kwenu tu, nusu ya hema wamebaki nje ingawa wameketi ndani. Kiswahili ni daraja; lipite. Kama wataka kutoa baraka kwa lugha ya mama, ni vizuri, lakini tafsiri. Na kama yuko mzazi aliyefariki, mtaje kwa heshima kwa sentensi moja, ili mtoto wake ajue kwamba hakusahauliwa. Kisha endelea, usigeuze arusi kuwa matanga.

La sita, sema kwa ufupi. Kule Kana ya Galilaya, mabalasi sita ya mawe yalijaa divai, muujiza wa kwanza wa Bwana wetu, na mkuu wa meza alimwita bwana arusi akamwambia maneno ambayo mtu aweza kuyasema kwa pumzi mbili. Ikiwa muujiza kama huo ulitosheka na pumzi mbili, sisi twatafuta nini katika nusu saa? Dakika tatu zatosha. Tano ni nyingi. Ukiona mpishi anafunika na kufunua sufuria, ketini.

La saba, maliza kwa baraka. Usiishie kwenye mzaha, wala kwenye maonyo. Nasaha za ndoa zina wakati wake, na mahali pake ni faraghani. Waombe watu wasimame, inua bilauri yako, wabariki kwa neno moja au mawili, kisha nyamaza.

Ili tusiwaache na sheria tupu, na tuwape mfano. Tuseme wewe ni msimamizi wa bwana arusi. Waweza kusema hivi:

"Wazazi wetu wa pande zote mbili, Mchungaji, na wageni wote, hamjambo. Mimi na bwana arusi tulikaa chumba kimoja mjini tulipokuwa tukitafuta kazi. Mwezi mmoja niliugua, nikakosa kodi. Alinilipia sehemu yangu, na mpaka leo hajanikumbusha hata mara moja. Leo ni mimi ninayemkumbusha. Shemeji, huyo ndiye Mungu aliyekupa, mtu asiyehesabu alichompa mwenzake. Nasi twakushukuru wewe, maana tangu alipokujua tumemsikia akiimba asubuhi, jambo ambalo katika chumba chetu halikuwapo. Wazazi, asanteni kwa kutulelea watu hawa wawili. Mungu awape nyumba yenye mlango ulio wazi na chungu kisichokauka. Tafadhali tusimame, tuinue bilauri. Bwana na bibi arusi, Mungu awatunze."

Basi. Hayazidi dakika moja na nusu. Hakuna aliyeaibishwa, wakwe wamejua jambo ambalo hawakulijua, na pilau haijapoa. Usiyachukue maneno hayo kama yalivyo, maana wewe una chumba chako na habari yako. Chukua njia yake tu.

Nanyi wasimamizi wa sherehe, twawaomba jambo moja. Mnapopanga ratiba, wapeni nafasi wale ambao wana neno la kusema, hata kama si wakubwa. Mara nyingi kipaza sauti humwendea mheshimiwa ambaye amefika saa hiyo na hajui hata majina ya maarusi, na baba mwenye karatasi mfukoni akaambiwa kwamba muda umekwisha. Wazazi wasemeni kwanza. Sisi wachungaji tunaweza kungoja. Tulikwisha kuhubiri kanisani.

Huenda mmoja wenu anayesikia jioni hii ana neno lake ambalo hakulisema. Lingali mfukoni. Arusi ilikwisha kupita, labda mwaka jana, labda miaka kumi iliyopita. Au labda wewe ni kama sisi, ulisema neno lililomwondoa mtu kitini pake, na mpaka leo unaendelea kujitetea. Ndugu, dada, hujachelewa. Inuka uende. Huhitaji hema wala keki. Yatosha kigoda kimoja na kikombe cha chai.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyekubali kualikwa arusini Kana, ukae pamoja nasi tunapofurahi. Linda vinywa vyetu visimuumize yule uliyemponya. Wasamehe waliosema vibaya, na uwatie nguvu wale ambao hawajasema. Wabariki wote wanaofunga ndoa Jumamosi hii, wawe na nyumba ya amani. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi. Mungu akipenda, tutakutana tena wiki ijayo.